Likizo ndefu kwa gharama ya vipindi: Hesabu ya vyuo vikuu ikitazamwa kutoka Rusizi

Kalenda ya Rwanda ya mwaka 2026 ina wiki moja inayowaweka wakuu wa vyuo vikuu njia panda. Krismasi inaangukia Ijumaa, tarehe 25 Desemba. Siku inayofuata, ambayo nchini humo nayo ni ya mapumziko, ni Jumamosi. Kwa hiyo mapumziko yake yanafidiwa Jumatatu tarehe 28. Mwaka mpya wa 2027 unaanza Ijumaa, na tarehe 2 Januari, sikukuu nyingine ya kitaifa, inaangukia Jumamosi na kufidiwa Jumatatu tarehe 4. Katikati zinabaki siku tatu tu za kazi: Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Chuo kitakachofuta vipindi vya siku hizo tatu kitawapa wanafunzi na wahadhiri wake mapumziko ya siku 11 mfululizo. Kitakachokataa kitawaita watu darasani kwa siku tatu, kisha kuwaruhusu tena. Kwa mtazamo wa haraka jibu ni jepesi: siku tatu ni kitu gani katika mwaka mzima? Lakini swali hili hurudi mara nyingi, si Desemba pekee, na kila linaporudi huzua mvutano uleule kati ya thamani ya mapumziko, thamani ya kipindi cha darasani na usawa kati ya wanafunzi ambao makwao hakulingani kwa umbali.

Mahali pazuri pa kulitazamia swali hilo ni Rusizi, wilaya iliyo kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, ambayo wengi bado huiita kwa jina la zamani la Cyangugu, mkoa uliovunjwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Vyuo vikuu vingi vya nchi viko Kigali na Huye. Kijana wa Kamembe, Bugarama au Gihundwe anayepata nafasi ya chuo kikuu kwa kawaida huhama nyumbani, na kwake yeye kila tangazo la likizo huanza na hesabu ya barabara.

Umbali hauigawi likizo sawasawa

Kutoka Kigali hadi Kamembe ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Basi hupita Muhanga, Nyanza na Huye, kisha huingia katika msitu wa Nyungwe, hifadhi iliyoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2023, ambako barabara hupinda na kupanda kwa muda mrefu kabla ya kushuka kuelekea ziwa Kivu. Ni safari ya kumaliza nusu siku au zaidi. Mvua kubwa ikiporomosha udongo, huweza kuwa ndefu kuliko hapo. Mkoa wa Magharibi unajua vizuri udongo unavyoweza kuteremka: mafuriko na maporomoko ya mwanzoni mwa Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini.

Sasa tuchukue mapumziko ya kawaida ya siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu. Mwanafunzi wa Kigali ambaye nyumbani kwao ni Rwamagana ataondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu usiku. Amepata siku tatu kamili na familia yake. Mwenzake wa Rusizi ataondoka Jumamosi asubuhi, atafika alasiri, atalala, atakaa nyumbani Jumapili, na Jumatatu asubuhi atakuwa tena stendi ya Kamembe akisubiri basi. Amelipa nauli mbili za masafa marefu ili apate siku moja.

Chuo kikiongeza Ijumaa na Jumanne, mwanafunzi wa Rwamagana anatoka kwenye siku tatu hadi tano. Wa Rusizi anatoka kwenye siku moja hadi tatu. Kwa wa kwanza ni nyongeza ya starehe. Kwa wa pili ndiyo tofauti kati ya kwenda nyumbani na kubaki hosteli. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka likizo irefushwe, na haipaswi kupuuzwa kana kwamba ni uvivu wa vijana. Siku zinazotangazwa kwa wote kwa usawa hazimfikii kila mmoja kwa usawa.

Kuna pia suala la msongamano. Nauli za mabasi nchini Rwanda huwekwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, kwa hiyo sikukuu haipaswi kupandisha bei. Kinachopungua ni viti. Kila mkesha wa Krismasi stendi ya Nyabugogo jijini Kigali hujaa abiria waendao mikoani, na asiyekata tiketi mapema hulala alipo. Kwa wanafunzi wa shule za bweni za sekondari serikali imepata ufumbuzi: mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA, hutoa ratiba ya kusafiri kwa awamu, wilaya baada ya wilaya, na mabasi hupangwa kwa ajili yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu huhesabiwa kuwa mtu mzima na hujitafutia mwenyewe. Kumwachia siku mbili zaidi ni kumpa nafasi ya kusafiri kabla au baada ya wimbi.

Vipindi vinavyojifuta vyenyewe

Hoja ya pili ya upande huo inahusu ukweli wa darasani. Mhadhiri yeyote aliyefundisha siku moja kabla ya sikukuu anaujua ukumbi ulio nusu tupu. Wa mbali wameshaondoka. Waliobaki wana mikoba mgongoni. Mhadhiri analazimika kuchagua: aendelee na mada mpya na kuwaacha nyuma waliokwisha kusafiri, au arudie ya zamani na kupoteza muda wa waliokuja.

Kwa maana hiyo, chuo kisichofuta vipindi rasmi hakijaviokoa vyote. Baadhi yake vitafutwa na mhadhiri mmoja mmoja kwa makubaliano ya mdomo na darasa lake. Vingine vitafutwa na miguu ya wanafunzi. Tofauti ni kwamba ufutaji wa aina hii hauna kumbukumbu, hauna fidia na hauna usawa. Darasa la mhadhiri mpole linapata likizo, la mhadhiri mkali halipati. Mwanafunzi wa Rusizi aliyebaki kwa utiifu anaingia ukumbini na kukuta kipindi kimeahirishwa, wakati basi alilopaswa kupanda limeshavuka Huye.

Likitazamwa hivi, swali linabadilika sura. Vipindi vya kandokando ya sikukuu vitapotea kwa kiasi fulani kwa vyovyote vile. Kinachobaki kuamuliwa ni nani atakayevifuta: taasisi kwa utaratibu, au kila mtu kivyake.

Krediti hazipungui kwa sababu ya sikukuu

Hata hivyo upande wa pili nao una hesabu yake, na ni hesabu ngumu kuikwepa. Katika mfumo wa sifa za elimu wa Rwanda, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikijumuisha muda wa darasani na wa kujisomea. Mwaka wa masomo wa kutwa una krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada yenye heshima inahitaji krediti 480. Hakuna kifungu kinachosema kwamba saa hizo hupungua pale kalenda inapokuwa na sikukuu nyingi. Siku inapofutwa, saa zake huwa deni.

Deni hilo haligawanywi sawa kati ya siku za wiki. Sikukuu ya Rwanda inayoangukia Jumamosi au Jumapili kwa kawaida hufidiwa siku ya kazi inayofuata, ambayo mara nyingi ni Jumatatu. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu. Ijumaa Kuu ni sikukuu, na Umuganura, siku ya mavuno, huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Na mtu anayetaka kurefusha mapumziko hurefusha wapi? Jumatatu na Ijumaa tena. Kwa hiyo somo lililopangiwa Jumatatu huvuja zaidi kuliko lile la Jumatano.

Tuseme moduli inakutana mara moja kwa wiki, siku ya Jumatatu, kwa wiki 14. Ikipoteza Jumatatu mbili, imepoteza sehemu moja kati ya saba ya muda wake wa darasani. Katika somo la historia huenda mwanafunzi akajisomea sura alizokosa. Katika maabara ya kemia, katika mazoezi ya uuguzi au katika uhasibu ambako kila hatua hujengwa juu ya iliyotangulia, pengo la wiki mbili haliwezi kuzibwa kwa kusoma kijitabu usiku wa kuamkia mtihani.

Rusizi yenyewe ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mnamo Machi 2017 Wizara ya Elimu ya Rwanda ilisimamisha masomo katika taasisi kadhaa za elimu ya juu baada ya ukaguzi wa ubora, na Rusizi International University, chuo binafsi kilichobeba jina la wilaya hii, kilikuwa miongoni mwa vilivyoagizwa kusitisha masomo yote. Kisa hicho hakikuwa cha likizo. Lakini kiliwaonyesha wazazi wa eneo hili jambo moja ambalo hawajalisahau: chuo kinaweza kupokea ada, kuandikisha wanafunzi na kuwa na kibao barabarani, kisha ikaonekana kwamba kinachotolewa ndani hakifikii kiwango kinachotakiwa. Vipindi kufanyika kweli, kwa saa zilizoahidiwa, ni sehemu ya kiwango hicho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za chuo mara nyingi huanza na kipindi kimoja ambacho hakikufidiwa.

Nani hulipa siku inapofutwa

Mwanafunzi wa kutwa anayekaa hosteli hulipa kwa muda. Wengine hulipa kwa njia nyingine.

Wa kwanza ni mwanafunzi wa jioni na wa mwisho wa wiki. Vyuo vingi vya Rwanda, hasa vya binafsi, vina programu za watu wenye ajira: mwalimu, karani wa benki, mfanyakazi wa kiwanda. Ratiba yao ya Jumamosi na Jumapili tayari imebanwa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi huwa ni ya Umuganda, kazi za pamoja za kijamii, na vipindi huanza baada yake. Wikiendi ikimezwa na likizo iliyorefushwa, kundi hili hupoteza wiki nzima ya masomo kwa siku mbili tu za kufutwa. Na likizo hiyo haliwasaidii kupumzika, kwa kuwa waajiri wao hawakufunga.

Wa pili ni mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa au kwa moduli. Kwa profesa mwenye mkataba wa kudumu, siku iliyofutwa ni nafasi ya kuandika au kusahihisha. Kwa anayelipwa kwa saa aliyofundisha, siku hiyo ni mshahara uliosogezwa mbele au uliopotea, na akiombwa kufidia Jumamosi isiyo na ratiba anaweza kukuta tayari ameahidi kuwa chuo kingine.

Wa tatu ni mzazi. Mkulima wa chai wa Shagasha au wa mpunga katika bonde la Bugarama anayemlipia mtoto ada ya chuo binafsi hununua mafunzo kwa muhula. Muhula ukibaki na ada ileile lakini ukipungua vipindi, bei ya kila kipindi imepanda bila yeye kuarifiwa. Muhula ukisogezwa mbele ili kufidia, analipa mwezi mwingine wa kodi ya chumba na chakula. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa serikali unaopitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, wiki za ziada mwishoni mwa mwaka zinaweza kuja wakati posho imekwisha.

Wa nne, anayesahauliwa kabisa, ni mwanafunzi asiyekwenda popote. Wapo wasio na nauli, wapo waliotoka Burundi au Kongo na hawawezi kuvuka mpaka kwa siku chache, wapo wasio na nyumba ya kurudi. Chuo kikifungwa kwa siku 11, maktaba hufungwa, mgahawa huzimwa na mabweni hubaki na mlinzi. Likizo ya wengi huwa upweke wa wachache.

Walichokipitia majirani

Ukanda wa Afrika Mashariki una uzoefu mwingi wa masomo kusimamishwa, ingawa mara nyingi si kwa ajili ya kupumzika. Uzoefu huo unaonyesha kinachotokea baadaye, pale saa zilizopotea zinapodaiwa.

Nchini Kenya, mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulianza Septemba 17, 2025 na kudumu siku 49. Ulipomalizika mapema Novemba, vyuo vilikabiliwa na kazi ya kuupanga upya muhula uliobaki. Hapo ndipo gharama halisi ya muda uliopotea hujitokeza. Mada zilizopangiwa wiki nyingi hubanwa katika wiki chache, au mitihani husogezwa, na mahafali pamoja na mafunzo ya vitendo husogea nayo. Mwaka mmoja kabla, mafuriko yaliifanya serikali ya Kenya iahirishe ufunguzi wa muhula wa pili wa shule uliokuwa uanze Aprili 29, 2024. Shule zilifunguliwa Mei 13. Wiki mbili hizo zilikuwa za lazima, na hakuna aliyebisha kwamba maisha ya watoto yalitangulia. Hata hivyo zililazimika kupunguzwa mahali fulani katika kalenda.

Nchini Tanzania, baada ya ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ufunguzi wa vyuo vikuu uliokuwa umepangwa Novemba 3 uliahirishwa, na vyuo vikafunguliwa Novemba 17. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 2010, vyuo vilifunguliwa baada ya uchaguzi wa Oktoba 31, na wapinzani walilalamika kwamba wanafunzi waliojiandikisha kupiga kura vyuoni walinyimwa haki yao kwa kubakizwa majumbani. Fundisho hapa ni kwamba tarehe ya chuo kikuu haibaki kuwa ya chuo pekee. Kuwaweka maelfu ya vijana nyumbani au kuwaita kampasi ni uamuzi wenye athari kwa jamii nzima.

Uganda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Shule zake zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la corona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka huohuo wa 2022, mlipuko wa Ebola ulisababisha muhula wa mwisho kukatishwa wiki mbili mapema, mwishoni mwa Novemba.

Rwanda nayo ilifunga shule na vyuo vyote kuanzia Machi 16, 2020, na vyuo vikuu vikaanza kurejea kwa awamu mwezi Oktoba. Rusizi iliguswa kwa namna ya pekee: Juni mwaka huo, usafiri kati ya mikoa ulipofunguliwa, wilaya hii na ya Rubavu, zote za mpakani, ziliachwa nje, na mji wa Rusizi ukawekwa chini ya amri ya kutotoka nje. Mwanafunzi wa hapa alijifunza wakati huo kwamba kurudi nyumbani kunaweza kumaanisha kutoweza kurudi chuoni.

Kufunga kwa sababu ya tukio pia si jambo geni. Wizara ya Elimu iliagiza shule za Kigali zifungwe wiki ya mashindano ya dunia ya baiskeli, Septemba 21 hadi 28, 2025, kwa sababu barabara za jiji zilihitajika kwa mbio. Tangazo lilitolewa mapema na kalenda ya shule hizo ikarekebishwa. Huo ni mfano wa kinyume cha mgomo au mafuriko: siku zilizofutwa kwa kukusudia, zikijulikana kabla hazijafika.

Mbali na kanda hii, mjadala kama huu hurudi kila mwaka nchini Marekani kabla ya sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Vipo vyuo vinavyofundisha hadi Jumatano, vipo vinavyoifuta Jumatano, na vipo vinavyotoa wiki nzima. Vinavyotoa wiki nzima hulipa mahali pengine, kwa kuanza muhula mapema au kwa kuondoa mapumziko ya Oktoba. Mwaka 2020 vingi viliwaondoa wanafunzi kampasi moja kwa moja kuanzia sikukuu hiyo ili kuepusha safari za kwenda na kurudi wakati wa janga, na vingine vikafuta mapumziko ya majira yaliyofuata. Hata katika nchi tajiri hakuna siku ya bure.

Mfano uliopo ndani ya kalenda ya Rwanda

Kabla ya kuangalia mbali zaidi, vyuo vya Rwanda vina mfano wa karibu. Tarehe 7 Aprili taifa huanza wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kalenda ya shule za msingi na sekondari imezoea kuiweka likizo ya kati ya mihula katika kipindi hicho, ili watoto wawe na familia zao wakati wa maombolezo. Hakuna anayesema kwamba vipindi vya wiki hiyo vimefutwa, kwa sababu havikuwahi kupangwa. Mihula ilipimwa ikiizunguka.

Mwaka 2026 ulikuwa na mfululizo wa aina yake: Ijumaa Kuu Aprili 3, Jumatatu ya Pasaka Aprili 6, kisha Jumanne Aprili 7. Siku tano bila kazi, na hakukuwa na haja ya kufuta kipindi hata kimoja. Ingekuwa makosa, bila shaka, kuzihesabu zote kuwa likizo ya aina moja. Siku ya tano ilikuwa ya kukumbuka, si ya kustarehe. Lakini mfano unabaki: pale umuhimu wa kuwa nyumbani unapokubaliwa na wote, nafasi yake hutengwa tangu mwanzo wa mwaka.

Wiki ya kwanza ya Julai inaonyesha hali tofauti. Rwanda huadhimisha uhuru Julai 1 na ukombozi Julai 4. Mwaka 2025 siku hizo zilikuwa Jumanne na Ijumaa, zikiacha Jumatano na Alhamisi katikati. Ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu huadhimisha uhuru wa Kongo Juni 30, siku moja kabla. Kwa familia za Kamembe zenye watoto, ndugu au biashara pande zote mbili za daraja, wiki nzima hukatikakatika. Mwanafunzi wa Rusizi aliyechagua chuo cha Bukavu, kwa sababu kiko karibu kuliko Kigali, hufuata sikukuu za nchi moja darasani na za nyingine nyumbani. Na tangu vita vilipoufikia mji huo Februari 2025, hata kalenda hiyo haikutegemewa tena. Kwake yeye, wiki ya masomo isiyokatizwa ni kitu cha thamani kuliko likizo.

Kupanga badala ya kufuta

Hoja za pande zote mbili zikiwekwa kwenye mizani, kinachoonekana ni kwamba urefu wa likizo si kiini cha tatizo. Kiini ni wakati wa uamuzi na mpango wa kulipa deni la saa. Likizo ya siku 11 iliyotangazwa Septemba ni sehemu ya kalenda. Likizo hiyohiyo ikitangazwa Desemba 20, kwa shinikizo la chama cha wanafunzi au kwa huruma ya mkuu wa kitivo, ni vipindi vilivyofutwa.

Chuo kinachotaka kurefusha mapumziko bila kupunguza elimu kina njia kadhaa zinazofahamika. Ya kwanza ni kuhamisha siku: Jumatano isiyo na shida hutangazwa kuwa na ratiba ya Jumatatu, ili somo la Jumatatu lisiwe ndilo linaloumia daima. Ya pili ni kuanza muhula siku tatu mapema, wakati ambapo hakuna mtu mwenye tiketi mfukoni. Ya tatu ni kukataza majaribio na mitihani siku ya kwanza baada ya likizo, ili anayevuka Nyungwe asiadhibiwe na maporomoko ya barabarani. Ya nne ni kuacha maktaba na sehemu ya mabweni wazi kwa wasioondoka.

Kuna wanaopendekeza kwamba vipindi vya siku zilizofutwa vifundishwe kwa intaneti. Mwaka 2020 ulionyesha kwamba inawezekana, na pia ulionyesha mipaka yake. Kipindi cha mtandaoni kinachomfuata mwanafunzi hadi nyumbani kwao kijijini, ambako mawimbi ya simu ni hafifu na kifurushi cha data kinanunuliwa kwa fedha ya sabuni, hakijampa likizo wala somo. Njia hiyo inafaa zaidi kufidia mhadhara mmoja uliokosekana kuliko kuwa kisingizio cha kufunga wiki nzima.

Programu za jioni na za wikiendi zinahitaji kuamuliwa peke yake. Kuzifunga pamoja na za kutwa kwa tangazo moja ni kuwanyima saa watu wenye saa chache kuliko wote. Wahadhiri wanaolipwa kwa saa nao wanastahili kujua mapema ni lini watafidia, na kwamba fidia hiyo ina malipo.

Kwa siku tatu za mwishoni mwa Desemba 2026, basi, jibu linategemea kilichofanyika miezi kadhaa kabla. Chuo kilichoziondoa katika ratiba tangu mwaka wa masomo unaanza, na kuziweka saa zake mahali pengine, kitakuwa kimewatendea haki wanafunzi wa mbali bila kuwapunguzia walichokilipia. Chuo ambacho hakikupanga kinabaki na machaguo mawili mabaya: kuendesha madarasa yenye viti vitupu, au kuanza mwaka mpya na deni ambalo litalipwa kwa haraka wakati wa mitihani.

Mzigo wa uzembe huo hautagawanywa sawa. Mwanafunzi anayeishi karibu na kampasi atahudhuria kipindi cha fidia Jumamosi yoyote kitakachoitishwa. Yule wa Kamembe, aliyekwisha kukata tiketi kwa tarehe aliyoambiwa mwanzoni, ndiye atakayechagua kati ya nauli yake na somo lake.